Siku Tuliyonyweshwa Strungi Ziwa

Jumamosi, jioni. Mvua imeshika Eldoret tangu mchana na mtaa wetu wa Huruma umegeuka matope matupu. Nimefunga mlango, nimejifunika leso mbili, na bado sipati joto. Si baridi. Ni mshtuko wa juzi ambao umekataa kunitoka mwilini.

Tangu Alhamisi sijaandika neno hapa, kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mimi ni mtu wa kuropoka, wanaonijua wanajua. Nikikosa maneno, ujue kuna jambo.

Mama yangu aliwapa wageni strungi.

Anayesoma hapa na si mtu wa huku kwetu atauliza, sasa hiyo nayo ni habari? Chai bila maziwa, kwani nini? Nitaeleza polepole, maana hata mimi nahitaji kuieleza ndipo niiamini.

Mwaka huu nilijiunga na mtandao wa watathmini vijana, tawi la Eldoret. Mtathmini ni mtu anayeitwa mradi ukishafanyika, achunguze kama kweli ulimsaidia yule uliyesemekana utamsaidia. Nilipomweleza jirani yangu hapa plotini, aliniuliza kama ni kazi ya upelelezi. Nikamwambia inakaribia. Tangu siku hiyo akipata wageni anafunga mlango.

Nilijiunga kwa sababu nilikuwa nimechoka kutuma maombi ya kazi. Kila mahali wanataka uzoefu, na uzoefu hakuna anayekupa. Mtandao una njia yake. Tawi linachagua shirika dogo lisilo na uwezo wa kuajiri wataalamu, tunautathmini mradi wake bure, na kila aliyefanya kazi jina lake linaingia kwenye ripoti. Ukiwa na ripoti moja yenye jina lako, angalau una kitu cha kuweka mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu yote, wala sioni haya kuisema.

Kiongozi wa tawi letu ni Wafula. Ni mtu wa Bungoma aliyeishi Eldoret miaka mingi, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Ana sharti moja ambalo halivunjwi: kabla ripoti haijaenda kwa wenye mradi, lazima isomwe mbele ya watu inaowahusu. Husema, usiandike juu ya mtu jambo ambalo huwezi kumsomea akikutazama. Nililipenda sharti hilo sana. Nililipenda mpaka Alhamisi.

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa mtambo wa kupozea maziwa uliowekwa Ziwa mwaka jana, ule ambao watu wote huko wanauita cooler. Ziwa ni kijijini kwetu. Nimezaliwa huko, wazazi wangu wako huko, na baba yangu ndiye katibu wa kamati ya mtambo. Sikumficha Wafula. Nilimwambia siku ile ile, naye akaniondoa kwenye kazi ya kuhoji. Wa kuhoji akawa Mercy, mwenzetu wa Kapsoya, msichana mkali wa hesabu, anayeweza kupata kosa hata kwenye kitabu cha nyimbo. Mimi nikapewa kazi ya kupanga majibu, kuandika, na siku ikifika, kusoma matokeo mbele ya watu, kwa kuwa najua namna ya kusema na wazee wa huko.

Shirika lilikuwa linaisubiri ripoti yetu liamue kama mtambo wa pili upelekwe Chepsaita. Kwa hiyo haikuwa mazoezi tu. Tukisema mradi ni mzuri, watu wa Chepsaita wanapata mtambo kama ule ule, kwa utaratibu ule ule.

Na tulisema ni mzuri. Mimi ndiye niliyeisoma.

Alhamisi hiyo tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Ziwa. Baba alikaa mstari wa mbele na koti lake la harusi. Nilisoma vizuri, siwezi kujifanya mnyenyekevu. Nilifika kwenye ile sentensi niliyoitunga mwenyewe na kuifurahia wiki nzima: zamani familia za Ziwa ziliuza maziwa ya asubuhi peke yake, sasa zinauza ya asubuhi na ya jioni. Wanaume wakapiga makofi. Baba akainamisha kichwa mara moja kukubali, kile kichwa chake kigumu, na mimi nikahisi nimekuwa mtu. Nyuma kule walikaa wanawake wachache. Wengi walikuwa jikoni. Sikuangalia kama nao walipiga makofi.

Kisha chai ikaja.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akipitisha thamosi upande wetu. Aliponifikia alisema, "Karibu chai, mgeni." Nikacheka, nikadhani ananitania kwa sababu nimevaa viatu vya ofisi. Akamimina. Kikombe kikajaa kitu cheusi.

Nilidhani amekosea thamosi. Kuna wazee wana sukari, kuna wenye vidonda vya tumbo, huwa wanapikiwa chai yao kando. Nikatazama kikombe cha Mercy. Cheusi. Cha Wafula, cheusi. Nikatazama mstari wa mbele, kwa wazee, kwa kamati, kwa mwenyekiti wa mtambo aliyekuwa ametoka kusifu maziwa kwa maneno mengi. Vikombe vyote vilikuwa vyeusi, na kila mzee alikuwa akitazama ndani ya chake kana kwamba ameangusha pete humo.

 

Sasa nieleze kwa nini kikombe hicho kilinishtua hivyo. Kwetu mgeni hapewi strungi. Hata kwenye matanga chai huwa na maziwa. Ng'ombe wako wakikauka, unamtuma mtoto kwa jirani akaombe ya mgeni, na jirani anakupa hata kama ni ya mwisho, kwa kuwa kesho mgeni atakuwa wake. Kumpa mgeni strungi huku umekaa kando ya mtambo uliojaa maziwa si usahaulifu. Ni neno zito kuliko matusi. Na wanawake wa Ziwa walilisema wote pamoja, bila kufungua mdomo.

Wafula alionja, akanigeukia na kusema, "Hii iko na tangawizi poa sana." Nusura nipaliwe.

Nilikunywa yangu yote. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nikitafuta kitu cha kufanya na uso wangu.

Nilipomaliza nikapita nyuma kwenda jikoni. Akina mama walikuwa wakiosha sufuria kwa utulivu kabisa, kana kwamba wametoka kupika pilau ya harusi. Nikauliza ni nani aliyesema ipikwe strungi. Walitazamana. Mmoja wao akacheka kidogo, akasema, "Si uulize mama yako."

Mama yangu! Huyu mama ambaye hajawahi kumfokea hata kuku. Huyu ambaye kwenye mikutano hukaa karibu na mlango ili asiombwe kusema. Nikamtazama, naye akaendelea kusugua sufuria.

"Mama, maziwa iko wapi?"

"Si wewe mwenyewe umesoma? Imeenda cooler."

"Yote?"

"Ya asubuhi imeenda. Na ya jioni imeenda. Ulisoma vizuri, hakuna mahali umedanganya."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze.

Mimi ni mtoto wa maziwa ya jioni. Kwetu, maziwa ya asubuhi ni ya baba. Yanauzwa, yanalipa mbolea, karo, dawa ya ng'ombe. Ya jioni ni ya mama. Ndiyo ya chai, ya watoto, ya kujaza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na yakibaki anauza kidogo kwa jirani asiye na ng'ombe, anapata ya chumvi, ya sadaka, ya mchango wa chama cha akina mama. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo. Hakukuwa na haja, kwa sababu maziwa ya jioni hayakuweza kulala mpaka gari la asubuhi, yangeharibika. Kwa hiyo yalibaki kwa mama. Mtambo ulipokuja, yakaweza kulala. Bodaboda akaanza kupita jioni kuyachukua, na malipo yanaingia kwa jina la mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe ni nani Ziwa? Ni baba.

Hayo yote nilikuwa nayajua tangu utotoni. Kila kipande. Nimetumwa na kikombe cha maziwa ya jioni kwa jirani mara ngapi mimi? Halafu nikakaa hapa Huruma na kompyuta, nikaona neno "jioni" kwenye majibu, nikalifurahia.

Nikamuuliza Mama mbona hakumwambia Mercy alipokuja kumhoji.

"Aliniuliza kama maziwa tunauza imeongezeka," alisema. "Nikamwambia ndiyo, imeongezeka. Halafu baba yako akaingia, akaongea yeye."

"Na mimi? Si tunaongea kila Jumapili kwa simu?"

Akaweka sufuria chini. "Nikuambie ufanye nini, Jebet? Ukosane na baba yako? Mimi sikutaka hiyo."

"Sasa hii ya leo ni nini?"

"Leo nimepika chai tu."

Kisha akasema jambo lililonimaliza kabisa. Alisema Krismasi, nilipokuja nyumbani na kunywa chai yake na kuisifu mbele ya watu kwamba maziwa ya kwetu hayana mfano, yale yalikuwa ya pakiti. Alikuwa ameyanunua dukani kwa siri, ili nisijue.

Mama yangu, mwenye ng'ombe wanaokamuliwa mlangoni pake, alininunulia maziwa ya pakiti.

Tulirudi Eldoret na gari la ndugu yake Wafula, Probox. Mpaka tulipotoka Ziwa kati yetu watatu ni mimi tu niliyejua kilichotokea. Mercy alikuwa akisifu makofi. Nikawaambia. Nilieleza vibaya, kwa hasira, nikirukia huku na huku, mpaka Wafula akaegesha gari kando ya shamba la mahindi ili anisikie.

Mercy alisema, "Jebet, pole, lakini hiyo ni chai. Hatuwezi weka chai kwa ripoti."

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Si yeye niliyekuwa nikimfokea, najua, lakini ndiye aliyekuwa karibu.

Wafula hakumtetea yeye wala mimi. Aliuliza tu, "Kwani wewe ulikuwa unajua hii mambo ya jioni?" Nikasema ndiyo. Akawasha gari.

Sikulala vizuri Alhamisi. Ijumaa nayo nilishinda kama mtu aliyepigwa kibao na asiyemwona aliyempiga.

Leo asubuhi tawi lilikutana mjini, kwenye kile chumba cha nyuma cha hoteli ambako huwa tunakutana. Mhudumu akaleta chai, nyeupe kama kawaida, na sisi wote tukaitazama kwanza kabla ya mtu kugusa kikombe. Nilidhani nitakuwa na kazi ya kumshawishi Mercy. Kumbe naye hakulala. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilikunywa chai ya maziwa kwa mama yako siku ile ya kuhoji. Vikombe viwili. Sasa sijui alitoa wapi." Nikamshika mkono, tukawa tumesameheana bila kikao.

Tulikubaliana ripoti isiende. Sentensi yangu niliyoipenda imeondolewa. Jumanne wenzangu wanarudi Ziwa, safari hii wanawake watazungumza na wanawake peke yao, na wanaume peke yao, na swali la kwanza kwa kila mmoja litakuwa la maziwa ya jioni. Watu wa Chepsaita watasubiri. Shirika halitafurahi, na inawezekana halitatuita tena. Jina langu linaweza lisiingie kwenye chochote.

Halafu Wafula akanigeukia. "Wewe huendi. Wewe sasa uko ndani ya hii kitu mpaka shingo."

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyesoma alama ile kikombeni, mimi ndiye ninayewajua, na sasa nikae Huruma nikiangalia mvua? Lakini ana haki. Hata mimi nisingejiamini. Mtu hawezi kuwa mwamuzi kwenye mechi ya mama yake na baba yake.

Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, simu ikalia. Alikuwa Baba.

Baba si mtu wa simu. Akipiga ni msiba au ng'ombe amezaa.

"Wafula amenipigia," alisema. "Anasema hamtumi."

"Bado, Baba."

"Ulisoma vizuri. Kila mtu hapa anasema hivyo. Hata wale hawanisalimiangi wamenisalimia." Akapumua. "Sasa itumwe vile ulisoma."

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu nisipokuwa mkweli hapa sijui nitakuwa mkweli wapi. Nilitaka kusema ndiyo. Nimeishi miaka yangu yote nikisubiri baba yangu aniambie nimefanya vizuri, na hatimaye alisema, na kilichokuwa kikihitajika ni ninyamaze tu. Nimeshtuka kuona jinsi ilivyokuwa karibu, kama kuteleza kwenye matope haya ya nje.

"Baba," nilisema, "ile nilisoma haikuwa yote."

"Mama yako amekuambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Alinimiminia chai tu."

Nilisikia mvua ikigonga mabati yake kule na mabati yangu huku. Nilidhani amekata.

"Na ulikunywa?"

"Nilikunywa, Baba. Yote."

"Mimi yangu ilinishinda," alisema, na hapo ndipo alipokata.

Nimekaa na simu sikioni kwa muda, kama mjinga. Ilimshinda kwa hasira, au ilimshinda kwa aibu? Sijui. Nimesomea kuuliza. Nimefundishwa kwamba mtu akisema jambo zito usilipite, muulize ana maana gani, kisha ukae kimya umsikilize. Na baba yangu alipolisema jambo zito kuliko yote aliyowahi kuniambia, sikumuuliza kitu.

Jumanne watamuuliza wengine, na atawajibu kama katibu wa kamati. Hilo si langu tena, na sitaligusa.

Lakini kesho ni Jumapili, na sijakatazwa na mtu yeyote kwenda kwetu. Sitabeba kompyuta wala sitavaa viatu vya ofisi; nitaenda kama mtoto wao, nimuulize Baba ile chai ilimshinda kwa nini. Nitafika jioni, wakati wa kukamua, wakiwa wote wawili zizini na ndoo ikiwa bado haina mwenyewe.